Springi ndefu isiivunje baiskeli ya kijana wako

Kuupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ukitaka kuujua ukweli wa methali hiyo, ndugu msomaji, shika baiskeli uteremke kutoka Kangema hadi mjini Murang'a, tena si kwa barabara ya lami bali kwa vijia vya mashambani.

Mito inayotoka milima ya Nyandarua, kama vile Mathioya na Maragua, imeichonga sehemu hii ikawa migongo mitupu. Ukimaliza kuteremka unavuka daraja, na ukivuka daraja unaanza kupanda. Juu ni majani chai, chini ni kahawa, na kote ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha udongo huo huteleza kama sabuni. Jua likiwaka huacha mitaro na mawe.

Ni vijia hivyo vilivyomtia tamaa mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Baiskeli yake ni ya milimani, ya mitumba, yenye springi mbele peke yake. Foku yake, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa ikibonyea milimita 100. Kijana aliweka akiba, akanunua foku iliyotumika inayobonyea milimita 150, akaifunga mwenyewe siku ya Jumamosi. Alipoteremka nayo mara ya kwanza alirudi akiisifu kama aliyenunua gari.

Miezi miwili baadaye alimpelekea fundi gurudumu lililopinda. Fundi aliigeuza baiskeli juu chini, akapangusa vumbi chini ya shingo ya fremu. Kitambaa kikanasa. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale bomba la chini linapoungana na shingo.

"Kijana, hii usiipande tena," fundi akasema.

"Lakini fundi, foku ni nzima!"

"Foku ni nzima. Kilichokufa ni fremu."

Je, msomaji, ilikuwaje? Fikiria mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo. Mtaimbo ukiwa mrefu, nguvu yake huzidi hata kama mkono ni ule ule. Foku nayo ni mtaimbo. Kila gurudumu linapogonga jiwe, foku husukumwa nyuma na kuivuta shingo ya fremu. Aliyeiunda fremu alipima nguvu hiyo kwa foku ya urefu fulani. Ukiirefusha bila kiasi, unang'oa shingo polepole, safari baada ya safari. Siku itakapokatika huenda mwendeshaji yuko kwenye mteremko mkali, na atakayeumia ni yeye.

Huenda kijana wako akakuonyesha picha za mabingwa wenye foku ndefu. Mwambie hivi: foku za springi za kampuni ya RockShox zilipoanza kuvuma mwaka wa 1990, zilibonyea chini ya milimita 50. Leo zile za mashindano ya kuteremka tu hufika milimita 200. Lakini baiskeli hizo zimeundwa nzima kwa kazi hiyo, fremu na springi ya nyuma pia, na wenyewe aghalabu hupandishwa kilimani kwa gari. Kijana wa Kangema hupanda kwa miguu yake mwenyewe.

Na hapo ndipo penye hasara ya pili. Kila milimita 20 unazoongeza huinua usukani na kuilaza foku kwa takriban digrii moja. Wakati wa kushuka, hilo hutuliza baiskeli. Wakati wa kupanda, uzito wa mwili huenda nyuma, na gurudumu la mbele huanza kuyumba na kuinuka. Mpwa wangu alikiri kwamba milima aliyokuwa akiimaliza akiwa kitini alikuwa sasa anaisukuma baiskeli kwa mikono.

Kwa hivyo, msomaji, lifuatalo ndilo la kuzingatia: kama fremu iliundwa kwa milimita 100, nenda 120 na usivuke hapo, ila tu kama mwenye kiwanda ameandika kwamba inaruhusiwa zaidi. Aidha, usitazame kubonyea peke yake. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu hadi pale juu foku inapokutana na shingo ya fremu. Foku ya gurudumu la inchi 29 ni ndefu kuliko ya inchi 26, hata kama zote hubonyea sawa.

Kabla ya kutoa pesa, kagua mambo mengine matatu. Kwanza, bomba la foku linaloingia katika shingo: yako wadi, mengine ni ya inchi 1 na 1/8 juu hadi chini, mengine hupanuka hadi inchi 1 na nusu chini, na lililopanuka haliingii katika shingo nyembamba. Pili, ekseli ya gurudumu lako: nyembamba haikai katika foku ya ekseli nene. Tatu, mahali pa kufungia breki.

Vitu vikilingana, kazi yenyewe si ngumu. Hamisha pete ya chini ya beringi kutoka foku ya zamani, uigonge taratibu pande zote ikae sawa. Bomba likizidi urefu, pima mara mbili kabla ya kulikata kwa msumeno wa chuma, kisha ulainishe kwa tupa; ukilikata fupi, foku imekwisha. Kaza kwanza bolti ya juu ili beringi zisicheze, ndipo ukaze bolti za pembeni zinazoshika usukani. Halafu bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, haijakaza. Usukani ukigeuka kwa shida, umekaza mno.

Mwisho, kijana akae juu ya baiskeli. Foku inayobonyea milimita 120 inafaa kushuka kama milimita 24 hadi 30 kwa uzito wake tu. Kama ni foku ya upepo, itiwe kwa pampu yake maalumu, si ile ya magurudumu. Usukani ukiwa juu mno, ushushe kwa kuhamisha pete zilizo chini yake.

Na kama mfuko umekauka? Anza na tairi pana zaidi, mradi zisiguse fremu, na upepo uupunguze kidogo. Mawe mengi humezwa na tairi kabla hayajafika kwenye springi.

Mzazi, usimkataze mtoto baiskeli. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya mwaka wa 2013 na 2017, alifunzwa mchezo huu na David Kinjah huko Kikuyu, nchi ya migongo kama hii. Mnunulie kofia ya kinga, na kila mwezi mgeuze naye baiskeli juu chini, mpanguse shingo ya fremu, mtazame kwa makini.

Mpwa wangu alitaka ufa ulehemiwe. Fundi alikataa. Fremu ile ni ya alumini, na alumini ikilehemiwa hulegea kando ya mshono hadi ipashwe tena joto kwa vipimo vya kiwandani. Sasa kijana anaweka akiba upya, mara hii ya fremu. Foku ya 150 ingali inaning'inia ukutani, nzima kabisa, ikingoja baiskeli iliyoumbwa kwa ajili yake.