Kalafati na Utambi: Juu ya Mvujo wa Maji Penye Mhimili wa Usukani

Wenzetu washughulikiao istilahi hupenda kuanza na maneno ya sheria au ya sayansi. Makala haya yanaanzia mahali pa chini zaidi, yaani kwenye tezi ya chombo, pale maji yanapoingilia kando ya mhimili wa usukani. Nimechagua mahali hapo kwa sababu ndipo neno langu mwenyewe lilipoharibu kazi ya mtu.

Miaka michache iliyopita niliombwa kumfasiria fundi mmoja wa Kilifi maelezo ya kutengeneza mashua ya matanga ya kizungu. Popote palipotajwa kuziba, niliandika “kalafati”. Nilidhani nimefanya vema: neno ni la pwani, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo.

Jahazi letu halina ugonjwa huu. Usukani wake, au shikio kama wasemavyo wengine, huangikwa nje kwenye fashini, na kana huushika kwa juu. Mhimili haupiti ndani ya chombo. Maji yakiingia upande huo, yameingia kwa ufa wa mbao au kando ya msumari, na dawa yake yajulikana. Pamba iliyosokotwa hushindiliwa ufani kwa patasi butu na nyundo mpaka ikakaza, kisha chombo hupakwa shahamu na chokaa.

Mashua za kizungu aghalabu ni kinyume. Usukani uko chini ya chombo, na mhimili wake hupanda ndani kwa kupitia bomba. Bomba likifika sitahani, maji hayana njia. Likikomea karibu na usawa wa maji, hapana budi mdomo wake uzibwe, tena uzibwe kwa namna itakayouacha mhimili uzunguke. Kizibo chenyewe ni kikombe cha shaba kilichouzunguka mhimili. Ndani yake hutiwa pete tatu au nne za uzi wa kitani uliosukwa mraba na kuloweshwa shahamu, na juu yake hufungwa nati pana. Nati ikikazwa, pete hubanwa; na kwa kuwa hazina pa kukimbilia, hutanuka kwa upande zikaugusa mhimili. Ndiyo hila yote.

Mwenye chombo hudanganyika kwa urahisi. Kikitia nanga, ngama huwa kavu. Kikienda mbio, tezi huzama kidogo, mdomo wa bomba ukashuka chini ya maji. Kwa hiyo autafutaye mvujo yampasa aende safari, ajikunyate nyuma na kurunzi, aangalie kama maji yatoka kandokando ya mhimili au chini zaidi, pale bomba linapoungana na chombo. Mvujo wa hapo chini hautibiki kwa nati.

Kazi yenyewe ifanywe chombo kikiwa pwani, juu ya magadi. Pete kuukuu hutolewa zote kwa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Ikisalia moja, mpya hazikai. Unene wa uzi mpya ni nafasi iliyopo baina ya mhimili na ukuta wa kikombe. Uzi huzungushwa juu ya mhimili na kukatwa mshazari, kila pete peke yake. Wako wanaozungusha uzi mmoja mrefu toka chini hadi juu. Hao huyachongea maji ngazi ya kupandia. Pete hutiwa moja moja, na viungo vyake visikae mstari mmoja. Kisha nati hukazwa kidogo kidogo, huku mtu mwingine akigeuza kana, na kana ikianza kuwa nzito nati hulegezwa. Usukani ukitikisika ubavuni ukisukumwa kwa mkono, basi bushi imelika, na pete hata ziwe nzuri namna gani hazitadumu.

Fundi wangu alisoma “kalafati”, naye akakalafati. Alichukua pamba, patasi na nyundo, akakishindilia kile kikombe mpaka kikawa jiwe. Maji hayangepita kamwe. Wala usukani haukugeuka, ila kwa nguvu za watu wawili. Bahati njema chombo kilikuwa bado pwani. Kingalikuwa mlangoni mwa hori, baina ya miamba, sijui ningaliandika nini leo.

Neno hili limetapakaa mbali: Mwarabu analo, Mreno analo. Kila mahali maana yake ni kuviunga vitu viwili visivyotakiwa kucheza. Mimi nililitazama kwa asili na upana wake. Sikuutazama mkono wa alitumiaye.

Yule mzee ndiye aliyenipa “utambi”. Alinieleza kuwa utambi wa kandili hujaza tundu lake lote, lakini huinuka na kushuka bila kukwama. Mwenzangu mmoja amepinga, akisema utambi hunyonya, nasi hapa twataka kitu kisichonyonya. Hoja hiyo ina uzito, ingawa uzi ulioshiba shahamu hauna nafasi ya kunywa maji. Wenye kusema “pakingi” nao sina ugomvi nao, maadamu hawachukui nyundo. Tafsiri ya pili niliiandika kwa “pete za utambi”, nikampelekea aisome kabla haijapigwa chapa. Aliirudisha baada ya siku mbili, akiwa amefuta maneno mengine mawili.