Kupungua Bila Kushinda Njaa
Kati ya Kitale na Bungoma chakula hakikosi heshima: Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya nzima. Ni eneo la wakimbiaji pia. Mlima Elgon ulimtoa Ben Jipcho, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki Munich mwaka 1972, na Trans Nzoia ikamtoa Emmanuel Wanyonyi, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 Paris mwaka 2024. Kijana anayefuata nyayo zao Endebess au Kapsokwony, akiona amezidi kilo mbili tatu, wazo lake la kwanza ni kuacha ugali wa jioni na kuongeza kilomita. Wazo hilo litamrudisha nyuma, na ushahidi wa kulipinga umekusanywa humu humu nchini.

Mwaka 2004 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu kambini. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na sukari peke yake, nyingi ikiwa ya chai, ilichangia takriban sehemu moja ya tano. Mwaka 2006 mtafiti Barry Fudge, akishirikiana na Onywera na wengine, alipima wakimbiaji 9 kwa maji maalumu yanayofichua nishati ambayo mwili umetumia. Walikula wastani wa kalori 3,160 kwa siku, wakatumia kama 3,490. Mtetezi wa njaa atadakia hapo: kumbe hata mabingwa hawashibi! Lakini tazama ukubwa wa pengo lenyewe. Halifiki hata sehemu moja ya kumi, na lilipimwa siku chache tu kabla ya mashindano. Mwanamume wa kilo 56 anayekula kalori 3,160 hashindi njaa. Anakula sana, anapungukiwa kidogo.

Kidogo hicho kina mpaka. Mwaka 2003 watafiti Anne Loucks na Jean Thuma walionyesha kwamba, ukiondoa nishati ya mazoezi, mwanamke akibakiwa na chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, homoni za uzazi huvurugika ndani ya siku 5 tu. Chukua msichana wa kilo 50, ambaye 40 kati yake si mafuta. Kukimbia kilomita 15 humtumia kalori zipatazo 750. Akila 1,500, anabakiwa na 750 za moyo, ubongo, mifupa na kinga, yaani chini ya 19 kwa kilo. Ili afike 30 anahitaji 1,950. Akibaki chini ya mpaka huo muda mrefu, hedhi hukatika, mifupa hudhoofika hadi kupata nyufa, na kasi anayoitafuta humtoroka. Wanaume nao hawajasalimika. Homoni zao hushuka na mifupa yao huumia.

Lakini mizani inaonyesha nimepungua, atasema. Ni kweli, ila wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hushikana na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo za siku za mwanzo ni maji na akiba ya mbio za kesho. Huko Norwe, mtafiti Ina Garthe na wenzake walilinganisha wanamichezo waliopunguza asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki na waliolenga 1.4. Waliokwenda polepole walipoteza mafuta mengi zaidi na wakaongeza misuli. Hao walikuwa wakinyanyua vyuma pia, na mkimbiaji asitarajie misuli ya namna hiyo. Hata hivyo kasi hiyo ya polepole ya kupungua inamfaa. Kwa kilo 50 ni gramu 350 kwa wiki.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Ushauri wa nyama kila siku hauna maana kwa kijana asiye na mfadhili, na sioni sababu ya kumpa. Maharagwe, omena, maziwa na mayai hutosha kulinda misuli. Ugali wa baada ya mazoezi usiguswe. Pa kupunguzia ni mafuta ya kukaangia, maandazi na soda, tena siku za mapumziko, miezi ambayo mashindano yako mbali. Na kocha akisikia msichana amekosa hedhi miezi mitatu, amuongezee chakula, ampunguzie kilomita na kumpeleka hospitali wiki hiyo hiyo.