Lahaja na Lafudhi katika Kiingereza cha Kila Siku: Funzo kwa Walimu wa Kiswahili



Wanafunzi wetu wengi huamini kwamba Kiswahili ndicho chenye lahaja, ilhali Kiingereza ni kimoja tu, kile cha vitabuni na redioni. Imani hiyo si sahihi, na ina madhara darasani: hutufanya tuone kila tofauti ya usemaji kuwa ni kosa. Katika makala haya tunaangalia jinsi Waingereza wenyewe wanavyozungumza nyumbani na sokoni, kisha tuone sisi tunajifunza nini.

Kwanza tutofautishe istilahi mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Lahaja hutofautiana na nyingine kwa msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi ni matamshi peke yake. Kwa hiyo mtu wa Yorkshire anaweza kuzungumza Kiingereza sanifu kabisa, bila neno hata moja la lahaja, na bado wasikilizaji wakatambua ametoka wapi.

Msamiati

Chukua mkate mdogo wa mviringo. Huko Manchester wengi huuita "barm", Nottingham ni "cob", na sehemu za Yorkshire ni "breadcake". Kichochoro kati ya nyumba huitwa "ginnel" au "snicket" kaskazini, "jitty" katika sehemu za kati, na "twitten" huko Sussex, kusini. Mtoto ni "child" katika lugha sanifu, lakini kaskazini mashariki na Uskoti ni "bairn".

Maneno mengine ni yale yale ila maana zimeachana. Huko Yorkshire "while" huweza kuwa na maana ya "hadi", hivyo mtu hufanya kazi "nine while five", yaani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kaskazini wengi huita chakula cha mchana "dinner" na cha jioni "tea". Mgeni aliyealikwa "tea" akala akashiba kwanza, akidhani ni kikombe cha chai tu, atakuta mezani mlo kamili unamngoja. Na akiitwa "duck" na muuza duka wa Nottingham, asikasirike. Hajaitwa bata; ameitwa kwa upendo, kama sisi tunavyomwita mtu mpenzi au ndugu.

Matamshi

Kusini mwa Uingereza irabu ya "bath" na "grass" hurefushwa. Kaskazini ni fupi. Kaskazini pia "cup" huwa na irabu ile ile ya "put", hata sikio la Mswahili husikia "kup". Sauti r katika "farm" haisikiki kwa mtu wa London, lakini husikika waziwazi kwa Waskoti na kwa wazee wengi wa kusini magharibi.

Ile lafudhi tuliyozoea kuiita "Kiingereza safi" ilikuwa ya tabaka la juu na ya shule zao za bweni. Redio iliieneza. Mwaka 1941, Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax huko Yorkshire, alipoanza kusoma habari za BBC kwa lafudhi ya kwao, baadhi ya wasikilizaji walilalamika. Habari zilikuwa zile zile. Kilichowakera ni irabu.

Sanifu hutoka wapi?

William Caxton, aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, alisimulia kisa hiki mwaka 1490. Wafanyabiashara waliokuwa safarini waliishiwa upepo, wakateremka nchi kavu kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mwenye nyumba "egges", yaani mayai. Mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwani naye hakujua Kifaransa! Mwenzake alipotaja "eyren", mama akaelewa mara moja.

"Eyren" lilikuwa neno la asili la Kiingereza. "Egges" lilitokana na lugha ya Waskandinavia waliohamia kaskazini na mashariki. Leo neno lililomshangaza mama yule ndilo sanifu, na neno lake limekufa. Halikufa kwa sababu lilikuwa baya. Usanifu ni uteuzi, si hukumu.

Kiswahili nacho kilipitia njia hiyo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mvita anayesema "ndoo" akimaanisha "njoo" hajakosea, anasema Kimvita. Mwanafunzi wa sanifu akimletea ndoo ya maji, waliokutana ni lahaja mbili.

Darasani tufanyeje?

Hatusemi kila kitu kiachwe. Kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda, l na r si sauti mbili zinazotofautisha maana. Akisema watu wamekwenda kupiga "kula", lazima tumsaidie, kwa maana kura na kula si kitu kimoja. Lakini kumsaidia si kumcheka. Anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha. Tumweleze sababu, tumpe mazoezi ya jozi za maneno, na tutenge kosa linalopoteza maana na lafudhi inayoonyesha tu alikotoka.

Pili, tuwape wanafunzi kazi ya kukusanya maneno. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1961, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds, kwa mpango alioandaa na Eugen Dieth wa Zurich, aliongoza uchunguzi wa lahaja katika sehemu 313, nyingi zikiwa vijiji. Wachunguzi waliwaendea hasa wazee wa mashambani wakiwa na maswali zaidi ya 1,000. Hawakuuliza, "Je, mnatumia neno hili?" Walieleza au walionyesha kitu, wakauliza kinaitwaje. Njia hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi aende likizo na daftari, anyooshe kidole kwenye kinu, mwiko au ufagio, amuulize bibi yake, "Hiki mwakiitaje?" Kisha aandike jibu kama lilivyo, bila kulisahihisha.