Mwanariadha wa Makamo Akiumia: Arudije Mazoezini?

Hapa kwetu Uasin Gishu, na kwa majirani wetu wa Elgeyo Marakwet na Nandi, mbio si mchezo wa kupitisha wakati. Mbio ni karo, ni ng'ombe wa maziwa, ni mabati ya nyumba. Kwa hiyo mwanariadha akiumia, nyumba nzima huchechemea pamoja naye.

Akiwa na miaka 38 au 42, shida huongezeka. Wengine humwambia, "Wewe umezeeka, wachia vijana." Wengine humsukuma, "Jikaze tu, mashindano yako karibu." Maneno hayo yote mawili yanaweza kumharibu. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kurudi mazoezini, na kazi ambayo kikundi kinaweza kufanya.

UMRI PEKE YAKE SI KIZUIZI

Kenneth Mungara alikuwa kinyozi kabla ya kuanza mbio. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast kule Australia kwa saa 2:08:42. Eliud Kipchoge, anayejulikana sana kwa mazoezi yake ya Kaptagat, aliacha marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti 2024 kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Hakukimbilia marathoni nyingine mwezi uliofuata. Alirudi London mwezi Aprili 2025, akiwa na miaka 40, akamaliza wa sita kwa saa 2:05:25. Hiyo ni zaidi ya miezi minane.

Lakini tuseme ukweli wote. Mary Keitany, aliyeshinda New York mara nne na London mara tatu, alitangaza kustaafu mwaka 2021 akiwa na miaka 39. Alieleza kwamba kila alipodhani mgongo umepona na kuanza mazoezi makali, maumivu yalirudi. Kustaafu namna hiyo si aibu. Ni kusikiliza mwili.

PUMZI HURUDI MBELE YA KANO

Huu ndio mtego mkubwa. Mtu akipumzika miezi miwili kisha akaanza kukimbia, pumzi yake hurudi baada ya wiki chache tu. Misuli nayo hufuata, kwa kuwa inapata damu nyingi. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona pole pole. Mfupa wenye ufa huhitaji wiki sita au nane, mara nyingine zaidi. Kadiri umri unavyosonga, kano hukakamaa na mwili huchukua siku nyingi zaidi kujijenga baada ya mazoezi makali.

Kwa hiyo mzee wetu anajisikia mwepesi kifuani, anaingia kwenye kundi la vijana asubuhi, na wiki ya tatu kisigino kinamrudisha kitandani. Kumbe kifua kilikuwa tayari, mguu bado.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tembea kwanza. Ukiweza kutembea dakika 30 kwa haraka bila kuchechemea, na kesho yake usiamke na maumivu, uko tayari kwa hatua ya pili.

2. Changanya. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8 au 10. Fanya hivyo siku moja, pumzika siku inayofuata. Chagua barabara ya udongo iliyo tambarare.

3. Ongeza muda, si kasi. Punguza kutembea kidogo kidogo mpaka ukimbie dakika 30 mfululizo kwa mwendo wa kuweza kuongea na mwenzako.

4. Milima baadaye, kasi mwisho kabisa. Usiongeze vyote viwili katika wiki moja.

Utajuaje kama unakwenda vizuri? Maumivu madogo yanayoisha kabla ya asubuhi yanavumilika. Ukianza kuchechemea, au ukiamka na maumivu zaidi ya jana, rudi hatua moja nyuma.

ZOEZI LA KIZINGITINI

Kwa maumivu ya kano ya nyuma, juu kidogo ya kisigino, kuna dawa isiyouzwa dukani. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, alitoa taarifa ya wakimbiaji 15 wa umri wa makamo, wastani wao miaka 44. Walisimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, wakateremsha kisigino cha mguu mgonjwa pole pole, kisha wakajiinua kwa mguu mzima. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, na seti tatu likiwa limekunjwa. Walifanya hivyo kutwa mara mbili, kila siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani.

Kizingiti cha nyumba kinatosha. Lakini kama kano ilikatika kwa mlio wa ghafla, usijaribu zoezi hili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

TAHADHARI

Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ikiwa mfupa unauma sehemu moja ndogo ukiubonyeza, ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, au kuna uvimbe usioisha. Hapa Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi ina wataalamu hao.

Vidonge na sindano za maumivu haviponyi kano. Vinanyamazisha kengele tu, na vikitumiwa ovyo vinaumiza tumbo na figo. Tena, tangu tarehe 1 Januari 2022, sindano zote za glukokotikoidi, ambazo wengine huchomwa gotini au kwenye kisigino, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Mwanariadha huwajibika mwenyewe kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alichomwa na mtu wa duka la dawa. Uliza kabla ya kuchomwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wengi hawarudi mapema kwa ujinga. Wanarudi kwa deni. Mtu anayesubiriwa na karo ya Januari hawezi kungoja wiki 12, hata akiambiwa na daktari. Hapo ndipo kikundi kinaweza kumwokoa.

Mpeni nafasi ya kulipa mkopo kidogo kidogo kwa miezi hiyo. Mwachilieni michango ya harambee mpaka apone. Mshaurini alipe bima ya afya ya SHA akiwa bado mzima. Mkipata zabuni ya miche au maziwa, mpeni kazi ya kuketi. Na awe na mwenzake mmoja wa kutembea naye asubuhi, amzuie asikimbilie kundi la vijana.

Wiki 12 za kusubiri ni ghali, lakini mguu ulioharibika kabisa ni ghali zaidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyerudi mazoezini mapema mno? Alisukumwa na nini?

2. Sheria zetu za mikopo zinasema nini kuhusu mwanachama aliyeumia?

3. Mwanariadha akiamua kustaafu, tunaweza kumsaidia kuanza kazi gani hapa kijijini?