Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Niliwahi kuletewa Noah ya abiria inayofanya safari za Tarime na Mugumu. Dereva alikuwa na dumu la lita tano nyuma ya kiti. Akanieleza bila wasiwasi kwamba akifika Nyamongo huongeza maji, na akifika Mugumu huongeza tena. Gereji aliyotoka ilikuwa imeshafungua silinda hedi, ikabadilisha gasketi na kulipwa fedha yake, lakini maji yaliendelea kupotea. "Fundi, injini hii imekufa, nitafutie nyingine," aliniambia.

Sikuigusa injini. Gari likiwa limepoa kabisa, nilifunga pampu ya kupimia mgandamizo kwenye mdomo wa rejeta, nikaijaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha nikasubiri. Mshale ulishuka polepole, na chini ya injini palikuwa pakavu. Nilipotambaa hadi usawa wa viti vya abiria ndipo nilipoliona tone. Bomba la chuma linalopeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma lilikuwa limeliwa na kutu. Hita hiyo iliwekwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Japani, na dereva hakujua hata kama ipo. Tuliunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa hozi fupi mpya, tukatoa hewa kwenye mfumo, akaondoka siku hiyohiyo.

Noah za zamani zina injini chini ya viti vya mbele. Mwenye gari haioni hadi anyanyue kiti, na tone likidondoka safarini hupeperushwa na upepo likaishia vumbini. Ndiyo maana nawaambia wote wanaonisikiliza: fundi asifungue nati hata moja kabla hajakuonesha panapovuja.

Mfumo wa maji ya injini ni chungu kilichofunikwa. Tarime iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9, mpira na springi yake vikiwa vizima, huzuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Mpira ukikauka, gari linachemsha kwenye mlima ambao mwaka jana lilipanda bila shida. Kwa hiyo mfuniko ndicho kitu cha kwanza ninachokagua, kwa sababu ni rahisi kuliko vyote na huku kwetu kosa lake ni kubwa kuliko pwani.

Baada ya mfuniko naangalia hozi, hasa pale klipu inapobana, kwa maana changarawe hutikisa kila kitu. Halafu naangalia matangi ya plastiki ya rejeta, ambayo hupasuka kwenye maungio, na wotapampu. Wotapampu ina tundu dogo kwa chini. Ukiona pamelowa hapo au pana alama ya kulanti iliyokauka, sili ya ndani imekwisha. Usilizibe tundu hilo. Limewekwa makusudi ili likuambie.

Kama pote ni pakavu na maji bado yanapungua, hapo sasa tuishuku gasketi ya hedi. Washa injini ikiwa ya baridi, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au hozi ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika moja baada ya kufunga mfuniko, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki nayo inasema hivyohivyo. Lakini utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili, kwa gari la safari fupi za asubuhi, mara nyingi ni mvuke tu. Nimeona watu wakishushiwa injini kwa sababu ya utando huo.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda, isawazishwe kwenye mashine, si kwa msasa wa mkono. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kutupa fedha ya mwenye gari.

Oili ina hila yake. Hutoka juu, ikateremka, ikasukumwa nyuma na upepo, ndipo ikadondokea mahali pasipohusika. Huku Serengeti vumbi huishika oili hiyo ikawa tope jeusi, na fundi mvivu akiliona kwenye sampu anabadilisha gasketi ya sampu. Osha injini kwanza, ukiwa umefunika oltaneta na nyaya za plagi. Ikikauka, nyunyiza poda nyeupe ya mtoto, endesha kilometa chache, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Mara nyingi ni gasketi ya kava ya tapeti.

Sili zikivuja kila baada ya miezi michache, acha kuzilaumu na utazame kipumulio cha injini, ile valvu ndogo kwenye kava ya tapeti. Ikiziba, mgandamizo wa ndani hukosa pa kutokea, ukatafuta sili iliyo dhaifu. Na silikoni nyingi haisaidii: vipande vyake hukatika ndani na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini iliyokuwa inavuja tu inakuwa injini iliyoungua.

Gari likichemsha njiani, zima, subiri angalau nusu saa, wala usifungue mfuniko ukiwa bado wa moto. Maji baridi kwenye injini ya moto hupasua hedi.

Na ukimwaga kulanti ya zamani, ikinge kwenye ndoo na uiondoe. Ile yenye ethilini glikoli ina ladha tamu, na ni sumu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti ng'ombe na mbwa hupita mbele ya kila gereji, nao huonja kinachong'aa chini. Usiiache ardhini hata kidogo.