Mafunzo ya usanifu kwa kompyuta

Mafunzo ya usanifu kwa kompyuta ni masomo yanayomwezesha mtu kutumia programu za kuchora na kusanifu vitu kabla havijajengwa au kutengenezwa. Fani hiyo hujulikana kwa kifupi kama CAD. Wanaoihitaji kazini ni pamoja na wasanifu majengo, wahandisi, wapimaji ardhi, mafundi mchundo, mafundi wa vyuma na watengenezaji wa samani.

Programu za aina hiyo ni nyingi, na nyingine zilibuniwa kwa ajili ya kazi maalumu. Ndiyo sababu kozi inayomfaa mhandisi wa mitambo inaweza kuwa hasara ya ada na muda kwa mchora ramani za nyumba.

Historia

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya nuru. Kwa miaka mingi baadaye usanifu wa namna hiyo ulifanyika hasa katika viwanda vikubwa, kama vile vya ndege na magari, kwa sababu kompyuta zilikuwa ghali mno.

Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, iliyofanya kazi kwenye kompyuta ndogo za mezani. Tangu hapo hata ofisi ndogo ziliweza kuacha polepole meza ya kuchorea, rula na penseli.

Mabadiliko hayo yaligusa pia ufundishaji. Zamani mwanafunzi alijifunza kusoma na kuchora michoro kwa mkono kabla ya kuaminiwa na kazi. Leo anaweza kujua amri zote za programu bila kujua mchoro wenyewe unasema nini.

Programu kuu na kazi zake

* AutoCAD hutumika zaidi kwa michoro bapa: ramani za nyumba, mifumo ya umeme na mabomba. Faili zake za DWG hutumika katika ofisi nyingi duniani.
* Revit na ArchiCAD ni za majengo. Mtumiaji hachori mistari tu, bali huweka kuta, milango na paa. Akihamisha mlango kwenye ramani ya sakafu, mlango huo huhama pia katika michoro mingine ya jengo. Utaratibu huo wa kazi hujulikana kama BIM.
* SolidWorks na Inventor hutumika kusanifu vipuri na mashine kwa vielelezo vya pande tatu.
* Civil 3D ni ya barabara, mifereji na umbo la ardhi.
* FreeCAD na LibreCAD ni programu huria zisizolipiwa. Ya kwanza huunda vielelezo vya pande tatu, ya pili huchora michoro bapa.

Kuchagua kulingana na kazi

Swali la kwanza si programu ipi ni bora, bali ni mchoro gani utakaotakiwa kazini na nani atakayeupokea. Karakana yenye mashine ya kukata bamba kwa kompyuta mara nyingi hupokea faili za DXF. Mkandarasi huhitaji ramani zilizochapwa kwa skeli. Matangazo ya kazi na mazungumzo na watu walio katika fani huonyesha programu zinazotumika mahali husika.

Mtu anayehitaji kuchora madirisha ya chuma hana sababu ya kulipia kozi ndefu ya BIM. Kwa upande mwingine, anayetafuta kazi katika ofisi ya wasanifu majengo anaweza kukuta kwamba michoro bapa peke yake haitoshi.

Msingi wa uchoraji wa kiufundi

Kozi nzuri hufundisha pia lugha ya michoro: skeli, vipimo, aina za mistari na mpangilio wa pande za kitu. Kwa skeli ya 1:100, ukuta wa mita 10 huwa sentimita 10 kwenye karatasi. Katika programu, hata hivyo, ukuta huchorwa kwa kipimo chake halisi, na skeli huwekwa wakati wa kupanga karatasi ya kuchapa.

Kosa la vipimo ni ghali. Inchi 1 ni sawa na milimita 25.4, bamba la inchi 10 likisomwa na mashine kama milimita 10 litakatwa kwa upana wa kidole. Mpangilio wa pande nao hutofautiana. Kwa desturi ya Ulaya mwonekano wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele, lakini kwa desturi ya Marekani huwekwa juu yake. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kutoboa tundu upande usiotakiwa.

Gharama na leseni

Mbali na ada, mwanafunzi anahitaji kompyuta ya kufanyia mazoezi. Revit na SolidWorks hufanya kazi kwenye Windows, na vielelezo vikubwa vya pande tatu huhitaji kumbukumbu kubwa kuliko michoro bapa. FreeCAD hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Autodesk huwapa wanafunzi na walimu wanaostahili leseni za masomo bila malipo, lakini haziruhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Anayekusudia kujiajiri anapaswa kuhesabu gharama ya leseni ya kibiashara kabla ya kuchagua kozi, au kujifunza programu huria.

Vyeti

Cheti cha kozi fupi huonyesha ujuzi wa programu; hakimfanyi mtu kuwa msanifu majengo wala mhandisi. Nchini Tanzania wasanifu majengo husajiliwa na bodi ya AQRB na wahandisi na bodi ya ERB. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya BORAQS kwa wasanifu majengo na EBK kwa wahandisi. Vyuo vya ufundi husimamiwa na NACTVET nchini Tanzania na TVETA nchini Kenya, na usajili wa chuo unaweza kuthibitishwa huko kabla ya kulipa ada.

Dalili za kozi nzuri

* Kila mwanafunzi ana kompyuta yake wakati wa somo.
* Mkufunzi amewahi kufanya kazi katika fani anayoifundisha.
* Mazoezi hutumia michoro ya kazi halisi, na mkufunzi huisahihisha.
* Mwanafunzi humaliza akiwa na michoro yake mwenyewe ya kumwonyesha mwajiri.

Kipimo rahisi mwishoni mwa kozi ni kumpa mhitimu futi kamba na chumba kitupu. Aliyefundishwa vizuri atapima chumba, atakichora na kukichapa kwa skeli, na fundi ataweza kuifuata ramani hiyo bila kumwuliza.