Daftari la Mali Kauli na Kadi ya Pointi

Saa moja na nusu asubuhi fundi amesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, Kisauni. Anahitaji mifuko ishirini ya simiti, na mwenye nyumba anayemjengea hatampa pesa mpaka Ijumaa. Mwenye duka anavuta daftari la jalada gumu, pembe zake zimeshalika, analifungua penye jina la fundi na kushuka nalo kwa kidole. Ni hesabu za miezi mitatu, na kila moja imekatwa kwa kalamu nyekundu. "Pakia, fundi. Tutaandikiana," anasema, na vijana wa mkokoteni wanaanza kubeba.

Pwani biashara ya namna hii ina jina lake la zamani: mali kauli. Bidhaa hutoka kwa neno, pesa hufuata baadaye. Si kila mteja hupewa. Anayepewa amekwisha kupimwa: alilipa mara ngapi, alichelewa siku ngapi, na alipochelewa alikuja kusema au alibadilisha njia asipite mbele ya duka. Akishaingia katika daftari hilo ni vigumu kumng'oa, hata jirani akishusha bei ya mfuko kwa shilingi kumi. Mpango wa uanachama wa daraja la juu ndio huu, na Mombasa iliujua kabla kadi ya plastiki haijafika.

Nauleta mbele kwa sababu kila kampuni sasa inamsaka mteja mzito. Benki zimemtengea madawati yake, Equity ikiliita lake Supreme na KCB Advantage. Mashirika ya ndege, hoteli na supamaketi nazo hazijabaki nyuma. Mwenye duka la jumla wa Likoni au Changamwe akiyaona hayo, swali lake la kwanza huwa ni achapishe kadi ya aina gani. Naona ameanzia mwisho.

Wakazi wa Nyali na Kisauni wanaikumbuka supamaketi ya Nakumatt na kadi yake ya pointi, iliyokaa katika pochi za familia nyingi. Kampuni iliyoanza Nakuru kwa kuuza magodoro ilifikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu kwa kuwa wasambazaji hawakulipwa. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mteja aliyelimbikiza pointi kwa miaka, akisubiri Idi au Krismasi azitumie, alijikuta anazo pointi na hana cha kununua. Ahadi ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilipoanguka ilianguka nayo.

Mfano wa pili ni wa kampuni iliyo hai na yenye nguvu. Kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha mpango wa Bonga mwaka 2007, pointi moja kwa kila shilingi 10 alizotumia mteja. Aprili 2020, korona ilipofunga kazi za watu, iliruhusu pointi hizo zilipie chakula na mahitaji mengine madukani. Siku hizo ndipo wengi walipoziona pointi kuwa mali yao, maana zilileta unga nyumbani. Kisha mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizopita miaka mitatu zingekufa kuanzia Januari 2023. Kelele zikawa nyingi na mpango ukasitishwa. Kwa hesabu za kampuni lile lilikuwa jambo la kusafisha vitabu. Kwa mama wa Mtongwe lilikuwa jambo la kunyang'anywa akiba.

Na kweli pointi ni deni. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinazotumika tangu 2018 zinazitaka kampuni kuzihesabu hivyo: sehemu ya pesa ya mauzo haiwi mapato mpaka mteja achukue zawadi yake, au haki yake ya kuichukua iishe. Mwenye duka dogo hahitaji mhasibu kuliona hili. Tuseme mteja ananunua bidhaa za shilingi 100,000 kwa mwezi, na faida yako ni asilimia 8, yaani 8,000. Ukimrudishia asilimia 2 ya manunuzi, umetoa 2,000. Inaonekana ndogo, lakini ni robo ya faida yako. Ukimpelekea na mzigo bure mpaka Mishomoroni, ukamwongezea na siku thelathini za kulipa, pengine umeshaanza kumlipa wewe ili anunue kwako.

Shirika la ndege la American Airlines liliingia shimo hilo kwa miguu miwili. Mwaka 1981 liliuza tiketi ya maisha, daraja la kwanza bila kikomo, kwa dola 250,000. Wapo walionunua na kuruka karibu kila siku, gharama ikapita mbali sana pesa waliyotoa. Mauzo yakasimamishwa mwaka 1994, na baadaye shirika likaanza kuwapokonya baadhi yao tiketi, mambo yakaishia mahakamani. Wateja waliolipenda kuliko wote ndio walioshtakiana nalo.

Twende Changamwe, ambako mteja mzito unamwona kwa macho, ana magurudumu. Lori la Uganda au Kongo linapojaza tangi lake kabla ya safari, kituo cha petroli kinauza mamia ya lita kwa mkupuo mmoja. Kampuni za mafuta zina kadi zao za magari ya biashara: tajiri wa malori anaweka kiwango, anaona kila lita iliyoingia, na hesabu anaipata mara moja mwisho wa mwezi. Kadi hiyo inamfaa sana tajiri. Lakini mkono wa kukunja usukani kuingia kituo hiki au kile ni wa dereva, na dereva anataka pahali penye mwanga pa kuegesha, maji ya kuoga, choo safi, na mtu wa kumlindia turubai akilala. Mpango unaomsahau dereva umemsahau mteja wa pili, aliye karibu zaidi na pampu.

Changamwe inajua pia tofauti ya mteja wa hiari na mteja wa amri. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya Nairobi na ya nchi za bara ipande reli ya SGR, wenye malori, gereji na mikahawa ya kandokando ya barabara waliumia, na watu wa Mombasa waliandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto aliporudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Mombasa, malori yalipata kazi tena. Mzigo uliopandishwa reli kwa amri ulihesabiwa kama biashara ya reli, lakini haukuwahi kuwa uaminifu wa mteja.

Likoni nayo imepata somo la jinsi hiyo. Kwa miaka na miaka gari la kwenda Diani halikuwa na budi kupita kivukoni, na mwenye mkahawa au duka la kando ya foleni alilihesabu gari hilo kuwa lake. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, mgeni anatoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka Ukunda bila kuiona feri. Anayepita Likoni leo akasimama kununua, amesimama kwa kupenda.

Daftari la Kisauni nalo lina maradhi yake. Mkopo usio na kikomo huua duka, na mwenye duka akifariki, nusu ya madeni huzikwa naye. Dawa yake ni kuandika kikomo cha kila jina na tarehe ya kulipa, fundi aione na aweke sahihi. Ukihamishia majina hayo kwenye simu au kompyuta, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: namba ya mtu na siri ya manunuzi yake si yako kumpa mwingine atakaye.

Basi wewe mwenye duka, kabla hujamlipa mchapishaji wa kadi, keti na daftari lako usiku mmoja. Andika majina ishirini ya wanaolipa vizuri na kukuachia faida. Aliyenunua kwa wingi na bado anadaiwa, mwache nje kwanza. Kisha mpigie kila mmoja simu, umuulize ni siku gani katika mwezi anapokuhitaji zaidi. Umpe anachohitaji siku hiyo, kwa kiasi utakachoweza kukilipa hata mwezi ambao biashara imelala.